Je, mzazi aende kwenye sherehe ya tuzo za chuo? Mwongozo kwa familia za Lubumbashi

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kufungwa, swali lilelile hurudi katika nyumba za mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba. Mtoto ameleta karatasi kutoka chuoni, amesema kwa sauti ya chini kwamba fakulte itawatuza wanafunzi waliofanya vizuri, na hajafafanua kama anataka wazazi waje au anawapa habari tu. Baba anaona kuwa hilo ni jambo la wanafunzi na walimu wao. Mama anatamani kwenda, lakini anaogopa Kifaransa cha ukumbini. Mjomba, aliyelipa minervali, yaani ada ya chuo, kwa miaka miwili, amenyamaza akisubiri kuona kama atakumbukwa. Mimi nimefanya kazi ya apariteri, yaani mtumishi wa chuo anayeshughulikia wanafunzi, kwa miaka mingi katika chuo kimoja cha mji huu, na kazi hiyo humweka mtu mlangoni: unashika orodha, unapokea kadi, unawaonyesha watu viti, na unaona nani amekuja na nani hakuja. Ninayoyaandika hapa nimeyaona nikiwa nimesimama kwenye mlango huo.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji asilitafute hadi mwisho. Mzazi anayeishi karibu aende, tena aithamini sherehe ndogo ya tuzo kuliko hata ile kubwa ya kutunuku vyeo, mradi mtoto mwenyewe ameridhia na mradi mzazi akubali kwamba siku hiyo yeye ni mgeni. Familia nyingi hufanya kinyume: humaliza akiba ya mwaka kwa ajili ya siku ya toga, yaani majoho, ambako jina la mtoto husomwa haraka katikati ya orodha ndefu, na huikosa ile saa moja ambamo profesa husimama na kueleza ni kwa sababu gani mwanafunzi huyu, na si mwingine, ameitwa mbele.

Hatua ya kwanza: ujue ni sherehe ipi

Nyumbani maneno haya huchanganywa, na mchanganyiko huo umewafikisha wazazi wengi mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Yako matukio matatu tofauti.

Tukio la kwanza ni proklamasio. Baada ya juri, yaani kamati ya walimu, kukaa katika deliberasio na kujadili alama, matokeo husomwa hadharani, na kila aliyefaulu hutajwa pamoja na daraja lake. Katika mfumo wa zamani, satisfaksio ilianzia asilimia 50, distinksio 70, distinksio kubwa 80, na ile kubwa kupita zote 90. Tangu vyuo vyetu vianze kuhamia mfumo wa LMD (lisansi, masta, dokta), alama hutolewa juu ya 20, yaani 20 ndiyo alama kamili, na mwanafunzi hukusanya krediti 60 kwa mwaka, hadi zifike 180 kwa shahada ya kwanza, yaani lisansi mpya. Nalitaja jambo hili kwa sababu baba aliyesoma zamani huuliza, “Umepata asilimia ngapi?”, anajibiwa “14”, na uso wake unabadilika, ilhali 14 juu ya 20 ni sawa na ile distinksio aliyoiota yeye mwenyewe ujanani. Proklamasio haina mialiko. Wanafunzi hujazana, wengine hulia kwa furaha na wengine kwa huzuni, na mzazi hana sababu ya kuwapo.

Tukio la pili ni kolasio ya vyeo vya kitaaluma, ambayo ndiyo sherehe ya toga, kofia na maandamano ya walimu. Neno lenyewe la Kifaransa lina maana mbili, ya kutunuku vyeo na ya mlo mwepesi, na nimewahi kumwona mzee mmoja akiuliza kwa adabu kabisa chakula kitatolewa saa ngapi. Desturi hii tumeirithi kutoka vyuo vya Ubelgiji. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa mwaka 1955, mji ukiitwa bado Élisabethville, na desturi haikufa hata kilipomezwa na chuo kikuu kimoja cha taifa mwaka 1971, wala kiliporudishiwa uhuru wake mwaka 1981.

Tukio la tatu ndilo linalotuhusu: utoaji wa tuzo kwa wanafunzi bora. Linaweza kuandaliwa na fakulte, na idara moja, au na mfadhili aliyeahidi zawadi kwa wa kwanza wa kila promosio, yaani kila darasa la mwaka. Kinachotolewa ni breve, yaani cheti cha sifa, pengine kitabu, kompyuta ndogo au bahasha. Watu ni wachache, ukumbi ni mdogo, na mara nyingi karatasi ya mwaliko haina hata mhuri wa kuvutia. Ndiyo maana hudharauliwa.

Soma mwaliko mara mbili. Ukiona maneno yanayohusu tuzo, breve au wanafunzi bora, hilo ni tukio la tatu. Ukiona kodi ya toga na siku ya mazoezi ya maandamano, hilo ni la pili. Kama hakuna karatasi na taarifa imekuja kwa mdomo tu, mwombe mtoto apige picha tangazo lililobandikwa kwenye valvu za fakulte, yaani zile mbao za matangazo ambazo kila mwanafunzi hupita kuzitazama asubuhi.

Hatua ya pili: hakikisha jina limo

Hatua hii ni chungu, lakini siwezi kuiruka. Zaidi ya mara moja nimempokea mlangoni mzazi aliyevaa vizuri, akiwa na shada la maua, ambaye jina la mtoto wake halikuwamo katika orodha yoyote. Mtoto alikuwa amedanganya, au alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba atatuzwa akaamini kabla ya wakati, au alikuwa ameondolewa kwa sababu hakuwa amemaliza minervali. Hali hii ya tatu ndiyo ya kawaida zaidi, na ndiyo inayoweza kurekebishwa ikiwa itajulikana mapema.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya siku yenyewe, muulize mtoto maswali mawili tu: orodha imekwisha kubandikwa? Risiti zote za malipo ziko kamili? Muulize bila sauti ya upelelezi. Akikuletea picha ya orodha, itazame, umpongeze, na usiende kuihakikisha tena kwa apariteri nyuma ya mgongo wake. Sisi huwaambia wanafunzi kwamba wazazi wao walikuja kuuliza, na aibu hiyo haisahauliki upesi.

Hatua ya tatu: muulize mtoto, lakini umuulize vizuri

Mtoto aliyelelewa vizuri akiulizwa na baba yake, “Tuje au tusije?”, atajibu, “Kama mnapenda.” Jibu hilo ni adabu tupu, halina habari ndani yake. Mzazi mwenye shauku atalisoma kama ndiyo, mzazi mwenye shughuli atalisoma kama hapana, na wote wawili watakuwa wamejisomea nafsi zao. Swali linalofaa ni hili: “Utakapoitwa mbele, ungependa nani awe amekaa pale?” Kwa swali hilo mtoto hulazimika kutaja mtu, na akimtaja mtu, umepata jibu.

Sababu zinazomfanya mtoto asite ni nyingi kuliko wazazi wanavyofikiri, na mara chache sana huwa ni kuona haya kwa ajili ya wazazi wake. Wengine wanaogopa gharama: wanajua kwamba mama akienda, shangazi atajua, na shangazi akijua kutashonwa kitenge cha sare, na kitenge kikishonwa itabidi karamu ifuate. Wengine wana rafiki wa chumba kimoja ambaye ameshindwa mwaka huohuo, na hawataki shangwe za ukoo wao zimwangukie. Wengine wanaogopa kuwakutanisha baba na mama ambao hawazungumzi. Na tuseme ukweli, wapo wanaoogopa kwamba mzazi atakutana na mchumba ambaye bado hajatambulishwa nyumbani.

Kama baba ni mtu wa maneno makali, afadhali swali lipitie kwa shangazi au kwa yaya wa mtoto, yaani dada au kaka yake mkubwa, ambaye atapata ukweli wote jioni moja wakiwa jikoni. Kama mtoto anaishi kwenye mabweni ya chuo huko Kasapa na hamuonani, mwandikie kwa simu. Ujumbe wa namna hii kwa binti unatosha:

“Mama wangu, tumepata habari ya tuzo yako na tumeshukuru Mungu. Tungependa mmoja wetu aje kukaa ukumbini, lakini siku hii ni yako. Tuambie nani ungependa kumwona pale, na kama ungependa tukusubiri nyumbani hatutakasirika. Usijali habari ya nguo wala ya chakula. Baba yako.”

Sentensi ya mwisho kabla ya jina ndiyo inayofanya kazi kubwa. Binti anayesoma kwamba hapatakuwa na gharama atajibu anachokitaka kweli.

Akisema hapana, mara moja inatosha. Usimtume mjomba kumshawishi. Mpikie bukari, yaani ugali, siku hiyo jioni, mwambie akusimulie jinsi ilivyokuwa, na umsikilize hadi mwisho bila kumuuliza wa pili alikuwa nani.

Hatua ya nne: amueni nani aende

Hapa ndipo panapovunjika vyombo. Kwa kawaida kila mwanafunzi hupewa nafasi chache sana, mbili au hata moja, nami nimewahi kusimama mbele ya ukoo wa watu kumi na wanne walioshika kadi mbili, kila mmoja akinieleza kwa nini yeye hawezi kubaki nje. Jambo hilo lilipaswa kumalizwa nyumbani.

Kanuni yangu ya kwanza ni kwamba kadi ya kwanza ni ya yule aliyetajwa na mtoto, hata kama si yule mliyemtarajia. Mtoto akimtaja mama mdogo aliyemlea tangu darasa la kwanza, basi mama mdogo ndiye atakayeingia, na mzazi mwenyewe ajikaze. Kanuni ya pili ni kwamba kadi ya pili, kama ipo, apewe aliyebeba mzigo wa masomo. Katika mji wetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu tumechanganyika. Kwa Waluba ukoo hufuata upande wa baba, na baba anaona kiti hicho ni chake bila mjadala. Kwa Wabemba, Walamba na Wakaonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba anapolipa minervali haoni kuwa anasaidia, bali anaona kuwa anatimiza wajibu wa mwenye mtoto. Ndoa inayounganisha pande hizo mbili ina watu wawili wenye haki kamili juu ya kiti kimoja, na kila mmoja anamshangaa mwenzake.

Njia niliyoiona ikifanikiwa ni kwamba yule atakayekosa nafasi aambiwe mapema, na aambiwe uso kwa uso. Baba na mtoto waende pamoja kwa mjomba, siku kadhaa kabla, wamweleze kwamba nafasi ni moja, kwamba mtoto amemtaja mama yake, na kwamba breve italetwa kwake kabla ya kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote. Mjomba anayeambiwa hivyo hubaki na heshima yake, na pengine atatoa nauli mwenyewe. Mjomba anayeziona picha kwenye simu ya mtu mwingine atazikumbuka mwaka unaofuata, siku ya kulipa minervali.

Wazazi walioachana wanaweza kuhudhuria wote wawili, mradi wakubaliane kukaa safu tofauti na mradi wajue tangu nyumbani nani atapiga picha kwanza. Jambo hilo la picha linaonekana dogo. Nimeona mtoto amesimama na breve mkononi katikati ya ua, baba upande mmoja, mama upande wa pili, kila mmoja akimwita, naye hajui aanzie wapi. Kubalianeni hivi: mama kwanza, kisha baba, kisha kila mtu aende zake.

Bibi mzaa mama au mzaa baba, nkambo wetu, ana haki ya kuja kama anaweza kukaa saa tatu bila taabu. Watu humpisha na hakuna anayemwomba kadi. Watoto wadogo wabaki nyumbani.

Hatua ya tano: gharama, safari na ruhusa ya kazi

Andika gharama kwenye daftari kabla hujaahidi lolote. Utagundua kwamba kuhudhuria kwenyewe si ghali: ni nauli ya kwenda na kurudi, na picha moja nzuri. Kinachomeza pesa ni vile vinavyoambatanishwa, yaani yadi sita za kitenge kipya, fundi wa kushona, kreti za sukre, yaani soda, na bia, na kuku. Ushauri wangu ni kuziacha zote hizo hadi siku ya kolasio, na kuiendea sherehe ya tuzo kwa nguo safi uliyo nayo. Zamu yako ya likelemba, yaani upatu, isiguswe kwa ajili ya siku hii.

Ndani ya mji, kumbuka kwamba Kasapa iko pembeni. Anayetoka Ruashi au Katuba huenda akapita mjini kati na kubadilisha taksi-basi, na mvua za kuanzia Novemba hadi Machi huzifanya barabara za mitaa yetu kuwa madimbwi. Manseba, ndugu zetu wa pikipiki, atakufikisha upesi zaidi, lakini nguo yako itafika na historia ya njia nzima. Anayetoka Likasi, umbali wa kilomita 120 hivi, anaweza kuondoka alfajiri. Anayetoka Kolwezi, umbali wa kilomita 300 hivi, alale Lubumbashi usiku wa kuamkia siku hiyo. Anayetoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, asiamini saa yake, kwa sababu foleni ya malori haijali sherehe ya mtu.

Wafanyakazi wa migodini walio kwenye zamu waombe ruhusa mapema, kwa maandishi, na waambatanishe nakala ya mwaliko. Barua iwe fupi:

“Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo, naomba kwa heshima ruhusa ya siku moja, tarehe iliyo kwenye mwaliko ulioambatanishwa, ili nihudhurie sherehe ambayo mwanangu atatuzwa na chuo chake. Mwenzangu wa zamu amekubali kushika nafasi yangu, nami nitashika yake wiki inayofuata.”

Mkuu ambaye hakutakiwa kumtafuta mtu wa kuziba pengo hukataa kwa shida sana.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Angalia saa kwa makini. Mwaliko ulioandikwa kwa Kifaransa ukisema 9:00, maana yake ni saa tatu asubuhi. Nimeona familia iliyofika saa tisa alasiri, imejipamba, ikimkuta mfagiaji peke yake, kwa sababu kijana aliyeusoma mwaliko alitaja namba kama ilivyoandikwa na nkambo akaielewa kama anavyoielewa siku zote. Ufike nusu saa kabla. Ni kweli kwamba sherehe zetu huchelewa kuanza, lakini uchelewaji huo ni haki ya wenyeji tu.

Usikae safu za mbele hadi uonyeshwe. Hizo ni za kamati ya uongozi, walimu na wafadhili. Walimu wanapoingia, simama. Wimbo wa taifa ukipigwa, simama na unyamaze, na simu iwe imezimwa sauti tangu mlangoni. Kifaransa kisikuogopeshe. Hotuba za mwanzo hufanana mwaka hadi mwaka, na hata wanaozielewa hawazisikilizi zote. Unachohitaji kusikia ni jina la mtoto wako na sentensi mbili au tatu zinazofuata, na hizo yaya wake anaweza kukunong'oneza.

Zisikilize sentensi hizo. Kwenye kolasio hutazipata. Profesa atasema kwamba binti huyu alifanya utafiti wake wa mwisho juu ya maji ya visima vya mtaa fulani, kwamba alirudi kwenye visima hivyo mara nne katika msimu wa mvua, kwamba hesabu zake zilipingwa naye akazitetea. Mzazi anayesikia hayo hutambua kwa mara ya kwanza mtoto wake alikuwa wapi jioni zile alizochelewa kurudi. Nimeona akina baba ambao hawakuwahi kulia msibani wakitafuta leso.

Jina likitajwa, piga makofi, na kama kigelegele kimekushika kitoe mara moja, kisha umwachie mwanafunzi anayefuata nafasi yake, kwani naye ana mama. Poda ya kummwagia mtoto kwa furaha ibaki kwenye mkoba hadi mtakapotoka nje kabisa ya jengo. Wasimamizi wa kumbi wamechoka kuipangusa kwenye viti, na mtoto wa watu aliyeazima suti hataki kuirudisha ikiwa nyeupe. Kumtunza mtoto kwa kumbandika noti usoni nako kufanyike nyumbani. Usipande jukwaani bila kuitwa. Ukiitwa kusema neno, sema sentensi mbili, ya kuwashukuru walimu na ya kumpongeza mtoto pamoja na wenzake, kisha urudishe kipaza sauti. Sitasahau baba aliyekishika akasimulia maisha yake tangu enzi za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipokuwa na nguvu, huku mwanawe akitazama viatu vyake.

Baada ya sherehe utataka kumsalimia profesa. Msalimie, mshukuru, mwambie jina lako. Usimuulize habari ya alama za somo fulani, usimwombee mtoto kazi, na usimpe bahasha. Hili la bahasha nalisema kwa mkazo, kwa sababu wengi hulifanya kwa moyo mweupe, kama wanavyompelekea kuku mtu aliyewasaidia. Lakini bahasha inayopita mkono kwa mkono kwenye ua wa chuo, siku ya tuzo, machoni pa wanafunzi mia moja, huifanya tuzo ionekane kama ilinunuliwa, na atakayesemwa vibaya ni mtoto wako.

Ikiwa huwezi kwenda

Mzazi anayeshindwa kwenda amwambie mtoto kabla, si baada, na amtaje mtu atakayemwakilisha. “Yaya yako atakuwa pale kwa jina langu” ni maneno yenye uzito, “tutaona” hayana. Mwakilishi arekodi kwa simu zile sentensi za profesa tu, maana rekodi ya saa tatu haitazamwi na mtu.

Kwa mtoto anayesoma Kinshasa, safari ya ndege ya mzazi ni mzigo mzito kwa ajili ya sherehe ya saa chache, na hapo kanuni yangu inageuka: kama uwezo ni wa safari moja tu, itunze kwa ajili ya kolasio. Hivyo hivyo kwa walio na watoto katika vyuo vya Marekani. Huko sherehe ya tuzo kwa kawaida hufanyika majira ya kuchipua, mara nyingi Aprili, wiki chache kabla ya mahafali ya Mei, na wazazi wengi wa hukohuko hawahudhurii kama wanaishi mbali. Mtoto hatahesabiwa kuwa ametelekezwa. Sifa zitakazotajwa ni za Kilatini: cum laude, magna cum laude na summa cum laude, ya mwisho ikiwa ndiyo ya juu. Ombi la viza lina ada isiyorudishwa na usaili katika ubalozi wa Marekani ulioko Kinshasa, kwa hiyo safari huanza kugharimu kabla haijawa safari. Uliza kama chuo kitaionyesha sherehe moja kwa moja kwenye intaneti, na uhesabu saa: mwezi wa Aprili, ikiwa New York ni saa kumi alasiri, Lubumbashi ni saa nne usiku. Nunua megabaiti mapema na uchaji simu, maana umeme wa mtaani kwetu una ratiba yake.

Kabla hamjaondoka ukumbini

Watu hukimbilia picha na kusahau karatasi. Kabla hamjatoka, fungueni breve na msome jina lote: jina, posnomu (jina la pili) na prenomu (jina lake binafsi), kwa mpangilio uleule ulio kwenye diploma ya taifa ya mtoto, ile ya mwisho wa sekondari. Makosa ni mengi kuliko mnavyodhani. Posnomu huachwa, herufi moja hubadilishwa, au prenomu hutangulia mahali isipopaswa, na ofisi itakayoipokea karatasi hiyo kwa ajili ya kazi au msaada wa masomo itadai kwamba hao ni watu wawili. Someni pia mwaka wa masomo, daraja, na kama mhuri umepita juu ya sahihi. Kosa likionekana pale pale, katibu wa fakulte bado yuko ukumbini, mwenye mhuri bado yuko ukumbini, na karatasi mpya huweza kuchapwa siku mbili zinazofuata. Likionekana baada ya miezi sita, mtoto ataandika barua, ataulizwa risiti, ataambiwa katibu amehamishwa, na mwishowe atakuja kwa apariteri, ambaye naye atamwambia arudi Jumatatu.